Nimefungua bastola ya maigizo (ile ya kizamani ya baruti), nimeirudisha, silinda inazunguka ovyo. Msaada wakuu

Mzee_wa_Saa (Jinja)

Wakuu, salamu kutoka Jinja, Uganda. Naomba msinicheke sasa hivi, mnimalizie kusoma kwanza ndipo mcheke.

Kazi yangu ni saa na cherehani. Nina meza barazani Main Street, huu mwaka wa 22, na Kiswahili changu ni cha Walukuba, mtaa wa hapa Jinja, kwa wazazi waliokuja kutafuta kazi viwandani, kwa hiyo mkiona nimechanganya mambo mnisamehe. Nimeshafungua saa za ukutani zenye vipande vya kujaza sinia. Ndiyo maana mpwa wangu alipoleta hicho kidude sikusita hata dakika.

Mpwa wangu yuko kwenye kikundi cha maigizo. Wanaandaa mchezo wa Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alipofika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1862. Kuna Mzungu mmoja wa filamu aliwaachia bastola ya kale, mfano uliotengenezwa Italia, ya kuingiza baruti kwa mbele. Imeshauawa kabisa: mtutu umezibwa kwa chuma na kuchomelewa, kuta za silinda zimekatwa kwa ndani, chuchu za kuvalia fataki hazipo. Haiwezi kurusha hata mate. Lakini nyundo na silinda vinacheza kama kawaida, na hicho ndicho kikundi kinachokitaka, maana kuna sehemu Speke anavuta nyundo mara tano na watu wote ukumbini wanatakiwa wausikie mlio.

Sasa kijana anayeigiza Speke aliona inakwama, akaipaka mafuta. Mafuta gani? Ya alizeti, ya kukaangia. Miezi minne baadaye mafuta yameganda ndani yakawa kama gundi ya kiatu, na vumbi la msimu wa kiangazi limekaa juu yake. Ukivuta nyundo inapanda taratibu kama mzee anayepanda ngazi za msikiti.

Nikaifungua. Yote. Nikaosha kwa maji ya moto na sabuni, nikapangusa, nikakausha juani, nikapitisha mafuta mepesi ya cherehani. Vipande nilivipanga kwenye sahani ya chai kwa mpangilio niliovitoa, kama nifanyavyo na saa. Nikaenda kuswali adhuhuri. Narudi nakuta kitinda mimba wangu ameihamisha sahani "ili nisimwagie chai", na mpangilio wangu umekuwa kachumbari.

Nimeirudisha mara tatu. Hali ilivyo:

Nyundo inapanda na inashika. Silinda inasukumwa. Lakini nyundo ikiwa juu kabisa, silinda haifungi, naizungusha kwa kidole kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa. Na kuna skrubu moja imebaki kwenye sahani. Fupi, kichwa bapa.

Onesho ni Jumamosi. Leo Jumanne. Nani anaijua mashine hii?

---

Mpakani_Busia

Mzee wangu, skrubu ikibaki maana yake umeboresha mashine. Hongera.

Ila kwa uzito kidogo, hicho kitu unakizungusha barazani Main Street mchana kweupe? Doria ikipita askari hana muda wa kuchungulia kama mtutu umezibwa. Kuna kijana huku kwetu alitembea na bunduki ya plastiki ya harusi, ile ya kurusha mapovu, na bado alilala ndani.

---

Mzee_wa_Saa (Jinja)

Umesema kweli, mwanangu, na mke wangu amesema hayohayo ila kwa sauti kubwa zaidi. Kikundi kina barua yake, na kituo cha polisi cha karibu kimeiona na kuiandika kwenye kitabu chao. Inabebwa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli pamoja na barua. Hata hivyo kazi nimeihamishia chumbani nyuma, chini ya taa ya kusomea. Barazani nimebaki na saa.

---

Ughaibuni_Mluhya (Ohio)

Shikamoo mzee. Mimi nyumbani ni Bungoma, huku Marekani ni mwaka wa 14. Kazini nina jirani ambaye kila Jumapili anapiga shabaha kwa bastola za namna hiyo, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye macho mazuri, kuzifungua na kuzifunga zikawa kazi yangu. Huku za baruti za mtindo wa zamani sheria ya serikali kuu inazihesabu kama vitu vya kale, hata zikiwa zimetengenezwa juzi, ilimradi zisitumie risasi za kisasa.

Kabla sijasema lolote, nijibu mawili. Mtutu una pembe nane au ni wa duara? Na kwenye silinda kuna picha?

---

Mzee_wa_Saa (Jinja)

Marahaba. Pembe nane. Na kwenye silinda zimechorwa meli za matanga, nyingi, na moshi. Nilidhani ni mapambo ya kiwanda tu.

---

Ughaibuni_Mluhya (Ohio)

Basi ni mfano wa Colt Navy ya 1851. Ile ya asili ilitengenezwa kuanzia mwaka 1850 hadi 1873, na hizo meli ni vita vya majini kati ya Texas na Meksiko, Mei 1843. Ukisafisha vizuri huenda ukaiona na tarehe yenyewe. Waitalia walipoanza kuzinakili kwenye miaka ya 1950 walinakili hadi picha.

Sasa tuingie ndani. Mzee, hii mashine ina vipande vichache kuliko saa yoyote uliyowahi kugusa, na hapo ndipo inapowaponza mafundi wa saa. Kila kipande kina kazi mbili. Majina yafuatayo ni yangu, sijawahi kuona mtu ameyaandika kwa Kiswahili:

Kuna *nyundo*. Ubavuni mwake kuna *kidole* chenye springi yake nyembamba, ndicho kinachopanda na nyundo na kusukuma meno ya silinda kwa nyuma. Kuna *kifyatulio*. Na kuna *komeo*, kipande kidogo kinachochomoza kupitia tundu chini ya silinda na kuingia kwenye vijishimo vyake, ili silinda isimame mahali pamoja pale nyundo inapokuwa juu. Komeo kwa nyuma lina miguu miwili kama miguu ya chura. Ubavuni kwa nyundo kuna kinundu kidogo mfano wa nusu ya punje ya dengu. Nyundo ikianza kupanda, kinundu kinainua mguu mmoja wa komeo, kichwa cha komeo kinazama, silinda inakuwa huru kuzunguka. Nyundo ikikaribia kileleni, mguu unaponyoka kwenye kinundu, komeo linaruka juu na kuingia kwenye shimo lake. Huo mlio wa "ta!" unaosikika kabla nyundo haijashika ndio huo.

Kinacholirudisha komeo juu ni *springi ya uma*. Bamba moja la chuma lililopasuliwa matawi mawili. Tawi moja linakanyaga mkia wa komeo, tawi jingine linakanyaga kifyatulio. Springi moja, mabwana wawili.

Wewe unasema nyundo inashika, maana yake tawi la kifyatulio liko kazini. Silinda haifungi, maana yake komeo halirudi juu. Naweka pesa yangu kwenye mambo mawili: ama tawi la pili limeteleza, halipo juu ya komeo, ama limevunjika. Hizi springi zina sifa mbaya ya kuvunjika. Kuna la tatu, kwamba mguu wa komeo umekaa upande usio wa kinundu, lakini hapo kwa kawaida ungeona komeo halizami kabisa na silinda ingekataa kuzunguka.

Fungua kwa chini utazame. Usifungue vyote! Toa kitako na springi kuu, toa kilinzi cha kifyatulio, basi. Utaiona springi ya uma imelala pale kama imekufa.

---

Dar_Kigamboni

Samahani nauliza nje ya mada. Mzee kule juu amesema "chuchu za kuvalia fataki". Kwetu fataki ni mzee anayesumbua watoto wa shule.

---

Mwalimu_Bombo

Hilo la kwenu lilikuja na matangazo ya redio, kijana. Fataki ya asili ni kile kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka, unakivisha kwenye chuchu nyuma ya silinda, nyundo inakipiga, cheche inapenya hadi kwenye baruti. Watu wa pwani walikuwa na neno hilo zamani, pamoja na *mdeki*, ule ufito wa kushindilia. Maneno yote ya gobori yalikuwepo. Tumeyasahau kwa sababu magobori yenyewe yameisha, na heri yaishe.

Na kwa kuwa nimeshaingia: babu yangu mzaa baba, Mnubi wa hapa Bombo, alikuwa akisimulia kwamba wazee wake, askari kutoka Sudan, walitoka kwa Emin Pasha, gavana wa Misri kule kusini mwa Sudan, na "Remington". Nilipokuwa mdogo niliona picha ya bastola ya Remington, ya silinda hivihivi, nikaamini ndiyo hiyo. Kumbe walichobeba askari wale ni bunduki ndefu ya Remington iliyokuwa ya jeshi la Misri, ya kufungulia nyuma na kuweka risasi moja moja. Baruti nyeusi pia, ila ni mtambo mwingine kabisa. Lugard, yule ofisa Mwingereza, alipowachukua wazee wetu mwaka 1891 hizo ndizo zilizokuwa mabegani.

Mzee wa Saa, hilo onesho lenu mnaonesha na ng'ombe?

---

Mzee_wa_Saa (Jinja)

Mwalimu, ng'ombe ndio wenyewe! Ndiyo maana mara tano. Speke aliandika mwenyewe kwamba Mutesa aliletewa ng'ombe wanne uani, akamwambia awapige. Speke akaazima bastola ileile aliyomletea Kabaka zawadi, akawapiga wanne, wa mwisho akawa amejeruhiwa tu akamgeukia kwa pembe, akammaliza kwa ya tano. Kwenye mchezo wetu ng'ombe ni watoto wanne wamevaa magunia. Mkalimani ni mtu wa Speke aitwaye Bombay, na huyo anazungumza Kiswahili jukwaani, ndiyo sehemu ninayoipenda mimi. Bastola ya Speke yenyewe sijui ilikuwa ya kiwanda gani, hii yetu inaisimamia tu.

Ndugu wa Ohio, nimekuelewa. Usiku huu nafungua.

---

Mama_Cherehani (Arua)

Kaka yangu Mzee wa Saa, habari za siku. Mimi sijui bastola wala sitaki kuijua, miaka ya 1979 na 1980 tumeziona za kutosha huku West Nile. Lakini skrubu nazijua. Umesema imebaki skrubu fupi ya kichwa bapa. Ina upana gani? Shingo yake ina nyuzi mpaka juu, au kuna sehemu laini chini ya kichwa?

Na siku nyingine acha sahani. Tumia trei ya mayai. Kila shimo kipande chake, unaandika namba kwa kalamu. Mtoto akiihamisha, inahama na mpangilio wake.

---

Mzee_wa_Saa (Jinja)

*Jumatano, saa nne usiku*

Dada yangu wa Arua, trei ya mayai nimeinunua jioni hii pamoja na mayai yake, nyumbani wamefurahi. Skrubu nitaipima kesho, leo nina habari.

Nimefungua kwa chini kama nilivyoelekezwa. Springi ya uma ipo, haijavunjika, matawi yote mawili mazima. Lakini yote mawili yalikuwa yamelala upande mmoja, juu ya kifyatulio! Komeo lilikuwa peke yake, linacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Nililigusa kwa ncha ya sindano likazama, halikurudi.

Niwaambie ilivyotokea, maana nimeikamata mikononi mwangu. Ile springi inashikwa na skrubu moja tu. Unapoikaza, kichwa cha skrubu kinaiburuta springi pamoja nacho, kidogo tu, upana wa ukucha. Unaangalia mwanzo iko sawa, unakaza, unaridhika, kumbe mzunguko wa mwisho ndio ulioihamisha. Mara zote tatu nilikuwa naangalia skrubu badala ya kuangalia matawi.

Nilichofanya: nimechukua spoku ya baiskeli, nimeisaga ncha kwa tupa hadi ikawa bapa, nikaikata kijifereji mbele. Nikaweka skrubu nusu tu, springi ikiwa imelegea. Nikasukuma tawi la kulia kwa spoku hadi likapanda juu ya mkia wa komeo, nikalishikilia hapohapo kwa mkono wa kushoto, pumzi nimeibana, na kwa mkono wa kulia nikamalizia kukaza huku nikihisi springi inataka kuniponyoka na mimi nainyima. Kisha nikabonyeza komeo kwa kidole gumba. Likazama, likarudi. Nikabonyeza tena. Likarudi. Nimekaa nikilibonyeza kama mtu aliyepewa kengele ya hoteli.

Kidole cha nyundo nacho kilinitesa, ile springi yake nyembamba lazima uibane kwa wembe iingie kwenye mfereji wake, lakini hilo kwa mtu wa saa ni la kawaida.

Springi kuu nimeiwekea skrubu ikiwa imelegea, nimeigeuza pembeni, kisha nikaisukuma kwa koleo iliyofungwa kitambaa hadi chini ya kile kigurudumu cha nyundo. Kitako, skrubu zote, mtutu, kabari. Nikaipiga kabari kwa nyundo ya mbao ikakaa imara kabisa, haitikisiki.

Na sasa tatizo jipya. Silinda haizunguki hata kidogo! Jana ilikuwa huru mno, leo imekuwa jiwe. Nyundo inapanda robo tu inagoma. Sijalala, wakuu.

---

Mpakani_Busia

Mzee hii bastola inakupiga wewe kabla ya ng'ombe.

---

Dar_Kigamboni

Huyo komeo sasa amekuwa mkali. Mlegezeni kidogo.

---

Mama_Cherehani (Arua)

Si komeo. Nimesoma mara mbili. Kaka, umesema kabari umeipiga "ikakaa imara kabisa". Ndiyo hiyo. Mashine yoyote yenye kabari ukiipiga mpaka uridhike wewe, mashine haitaridhika. Hata mpini wa jembe, ukizidisha kabari unapasuka. Irudishe nyuma kidogo ujaribu kabla hujafungua kitu kingine chochote.

---

Ughaibuni_Mluhya (Ohio)

Mama amenipiga bao nikiwa kazini. Ni hiyohiyo.

Nieleze kwa nini, ili mzee usiogope. Colt za namna hii hazina chuma juu ya silinda. Mtutu umeshikwa na vitu viwili: mhimili unaopita katikati ya silinda, na kabari inayopita ubavuni mwa mtutu na kwenye tundu la mhimili. Ukiisukuma kabari ndani, inauvuta mtutu nyuma kuelekea silinda. Ukiisukuma zaidi, mtutu unaikandamiza silinda na inagoma. Kwenye Colt za asili ncha ya mhimili ilikuwa inagota mwisho wa tundu lake ndani ya mtutu, kwa hiyo kabari hata ukiipiga kuna mahali inaishia. Nyingi ya nakala za Kiitalia mhimili ni mfupi kidogo, haugoti, na kabari inakuwa haina breki. Watu wanaweka kipande cha chuma kwenye tundu kujaza nafasi. Yako ni ya jukwaani, huna haja.

Unachofanya: irudishe kabari, kisha isukume kwa kidole gumba tu, siyo nyundo. Vuta nyundo hadi nusu, pale inaposhika mara ya kwanza. Hapo komeo linakuwa limezama na silinda inatakiwa izunguke kwa mkono bila kukwaruza. Angalia kwa mwanga kati ya mtutu na silinda, uone kijimstari chembamba cha mwanga, upana wa karatasi. Ukikiona, kabari umemaliza nayo. Nyundo ya mbao ni ya kuitoa.

Na ndio, wenye kuzipiga kweli huwa wanazifungua mara kwa mara namna hii. Baruti nyeusi ikiungua inaacha masizi mengi yanayovuta unyevu, ukiilaza usiku mmoja bila kuosha asubuhi una kutu. Zaidi ya hayo, kwenye hizi Colt vipande vya fataki zilizopasuka huwa vinadondoka mbele ya nyundo na kuingia ndani ya mtambo, vinakwamisha kila kitu. Jirani yangu siku moja alinitolea kwa kibano vipande vitatu vya shaba kutoka chini ya komeo, akaviweka kwenye kibweta kama meno ya mtoto.

---

Mwalimu_Bombo

Mama wa Arua aliyeona tatizo kupitia mpini wa jembe apewe cheti.

---

Mama_Cherehani (Arua)

Cheti nitakila? Mzee wa Saa, bado hujanijibu skrubu.

---

Mzee_wa_Saa (Jinja)

*Alhamisi asubuhi*

Kabari nimeirudisha, nimeisukuma kwa kidole gumba. Mstari wa mwanga nimeuona. Silinda inazunguka kama inapakwa siagi.

Nimevuta nyundo pole pole kabisa sikio likiwa karibu. Inashika nusu, mlio mdogo. Inaendelea, komeo linaruka, "ta". Halafu inashika juu. Nikaishika silinda kwa vidole viwili nikajaribu kuizungusha. Haiendi popote. Nimerudia vyumba vyote sita vya silinda, cha sita kikanirudisha cha kwanza, nikaanza upya.

Mpwa wangu amepewa kichupa cha mafuta ya cherehani, tone moja moja, na ameambiwa chupa ya alizeti ikionekana karibu na lile sanduku namrudishia vipande vyake kwenye trei ajifungie mwenyewe. Nimemwambia pia aizoee hiyo nusu. Wakimaliza onesho nyundo ishushwe pole kwa kidole gumba, isiachwe ijipige yenyewe. Chuchu hazipo kule nyuma, nyundo inapiga chuma kitupu.

Sasa skrubu. Nimeipima kwa rula ya mtoto: urefu milimita 6, kichwa bapa kipana, chini ya kichwa laini kidogo halafu nyuzi. Kwenye bastola nimehesabu matundu yote. Matatu ya fremu: la nyundo, la komeo na la kifyatulio. Matatu ya kilinzi. Mawili juu ya kitako na moja chini. Ya springi kuu, ya springi ya uma, ile ya pembeni ya kabari, na zile za ufito wa kushindilia. Hakuna tundu lililo tupu. Hakuna! Hii skrubu haina kwao.

---

Mama_Cherehani (Arua)

Kaka, siku ile ulipofungua bastola, mezani kwako kulikuwa na cherehani ya mtu?

---

Mzee_wa_Saa (Jinja)

Ilikuwepo Singer ya mkono ya mama mmoja anayeshona magauni ya gomesi hapa mtaa wa pili. Nilimrudishia Jumatatu ile ile, ilikuwa ya kusafisha tu.

---

Mama_Cherehani (Arua)

Hiyo skrubu ni ya bamba la sindano. Zipo mbili, moja imebaki kwako. Muda huu anashona na bamba linacheza, na sindano zinamkatikia moja baada ya nyingine, anadhani ni uzi mbaya.

---

Mpakani_Busia

😂😂😂 Bastola imetoka salama, cherehani ndiyo majeruhi.

---

Mzee_wa_Saa (Jinja)

*Alhamisi, saa sita mchana*

Nimetoka kwake sasa hivi. Sindano tano tangu Jumatatu. Tano, kama Speke.

Nimemlipia sindano zake na pakiti nyingine juu, nimeikaza skrubu mwenyewe mbele yake, na amenipa kikombe cha chai huku akinitazama vile mama wa Kisoga anavyoweza kukutazama bila kusema neno. Kati ya wale watoto wanne wa magunia, wawili ni watoto wake, kwa hiyo Jumamosi atakuwepo safu ya mbele.

---

Mzee_wa_Saa (Jinja)

*Jumapili*

Mliouliza inbox: ndiyo, jana usiku tumeonesha. Ukumbi ulijaa, umeme ulikatika mara moja tukaendelea kwa taa za simu. Bombay akasema, "Bwana mkubwa anasema wapige hawa." Speke akavuta, ngoma ikapiga, ng'ombe wa kwanza akaanguka. Wa pili. Wa tatu. Wa nne akayumba tu, akageuka na pembe za karatasi akamkimbilia Speke, na watoto ukumbini wakapiga kelele zote walizonazo.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, sikuona kitu. Nilikuwa nasikiliza komeo. Mara ya tano lilisikika mpaka kwangu.